Majaaliwa Hayakumlazimisha Oedipus Kuuliza

Mwulize mtu yeyote aliyewahi kukisoma kisa cha Mfalme Oedipus kinahusu nini, na jibu halitachelewa: kinahusu mtu aliyeshindwa kuyakwepa majaaliwa yake. Alitabiriwa kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake, akakimbia, na mbio zenyewe zikamfikisha kule kule alikokuwa akikukimbia. Liandikwalo ndilo liwalo. Sisi wasemaji wa Kiswahili, tuliokulia kwenye maneno ya kudra na ajali isiyo na kinga, kisa cha namna hii hutuingia kwa urahisi mno, tukakifunga kitabu tukiamini tumekimaliza.

Nadhani tunakifunga mapema. Jambo zito katika tanzia ya Sophocles, mtunzi wa Athens ya kale, ni kwamba mtu aliamua kujijua, huku waliompenda wakimsihi aache. Majaaliwa yamo, tena yana nguvu, lakini kazi yao ilikwisha kabla mchezo haujaanza.

Angalia unaanzia wapi. Oedipus anapotoka kwenye lango la ikulu ya Thebes kuwasikiliza raia wake, kila kilichotabiriwa kimeshatimia zamani. Laius, mfalme wa awali, aliuawa njiani. Jocasta, mjane wake, ameolewa na mgeni aliyeuokoa mji kwa kukitegua kitendawili cha Sphinx, zimwi lililoutesa, na wamezaa watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Katika mistari yote ipatayo 1,500 ya mchezo huu, hakuna hata tendo moja kati ya yale yaliyotabiriwa linalofanyika mbele yetu. Tunachokiona ni mtu anayeuliza maswali. Anamwuliza shemeji yake, anamwuliza mwaguzi kipofu, anamwuliza mkewe, mjumbe, mchungaji. Ukiziweka kando nyimbo za korasi, lile kundi la wazee wa mji wanaoimba na kucheza kati ya onyesho na onyesho, mchezo karibu wote ni mahojiano.

Watazamaji nao hawakuwa na cha kutabiriwa. Wataalamu wengi huuweka mchezo huu karibu na mwaka 429 KK, siku ambazo tauni iliyoanza 430 KK ilikuwa ingali inaitafuna Athens. Mwanahistoria Thucydides, aliyeugua akapona, ameacha maelezo yake. Kama ndivyo, basi waliokuwa wamekaa kwenye ukumbi wa wazi wa mungu Dionysus, kwenye mteremko wa kusini wa kilima cha Acropolis, walipowaona watoto na wazee wa Thebes wakiomba waokolewe na maradhi, hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Hadithi ya Oedipus waliijua tangu utotoni. Walichokuja kukiona ni njia: mtu huyu atafikaje kwenye jambo ambalo kila mmoja ukumbini analijua isipokuwa yeye?

Hapo ndipo mkono wa Sophocles unapoonekana. Mshairi Homer, karne kadhaa nyuma, alikigusa kisa hiki kwa mistari michache katika utenzi wake Odyssey, pale Odysseus anaposimulia roho alizokutana nazo kuzimu. Humo mama anaitwa Epicaste. Mwanawe anamuua baba, anamwoa mama, kisha miungu inayaweka mambo hadharani. Mama anajinyonga, Oedipus anaendelea kutawala Thebes kwa machungu. Hakuna uchunguzi, hakuna ushahidi, hakuna mtu anayeulizwa chochote. Miungu ndiyo inayofichua. Sophocles ameipokonya miungu kazi hiyo akamkabidhi Oedipus mwenyewe. Kama angetaka kutufundisha tu kwamba majaaliwa hayakwepeki, masimulizi ya Homer yalitosha kabisa.

Najua pingamizi linalokuja. Si mungu Apollo aliyeagiza kutoka Delphi, patakatifu pake pa utabiri, kwamba muuaji wa Laius atafutwe ili maradhi yaishe? Ni kweli. Creon, shemeji yake Oedipus, anarudi na agizo hilo, na Oedipus anamlaani hadharani muuaji asiyejulikana, laana inayomrudia mwenyewe. Lakini agizo lilihusu mauaji. Halikusema lolote kuhusu wazazi wa Oedipus. Na jambo la kushangaza, ambalo msomaji wa haraka hupitiliza, ni kwamba uchunguzi wa mauaji haumalizwi. Kuna shahidi mmoja aliyenusurika siku Laius alipouawa. Anaitwa kutoka mashambani ili ajibu swali moja tu, ambalo maisha ya Oedipus yanalitegemea: waliomuua mfalme walikuwa majambazi wengi, kama ilivyosemwa mjini, au alikuwa mtu mmoja? Oedipus analieleza vizuri mwenyewe: mmoja hawezi kuwa sawa na wengi. Shahidi anakuja, anasimama mbele ya mfalme, na hakuna anayemwuliza swali hilo. Anaulizwa habari za mtoto mchanga. Katikati ya mchezo swali la mji, nani alimuua Laius, limemezwa na swali la mtu, mimi ni nani. Hakuna mungu aliyeagiza swali hili la pili.

Na swali hilo halikuzaliwa siku ile. Oedipus anamsimulia Jocasta kwamba alipokuwa kijana huko Korintho, mji tunaoujua kwa nyaraka za Paulo, mtu mmoja alilewa kwenye karamu akamwambia kwamba yeye si mtoto halisi wa Mfalme Polybus. Kesho yake akawauliza Polybus na mkewe Merope, nao wakamkasirikia sana yule mlevi. Alifurahi kuona hasira yao, lakini neno lile lilibaki likimchoma. Akaondoka kwa siri kwenda Delphi kuuliza wazazi wake ni akina nani. Apollo hakumjibu. Badala ya jibu akapewa utabiri: utamuua baba, utalala na mama.

Hapa tusimame kidogo, maana pamejaa mambo. Kijana amekwenda kuuliza kama Polybus ni baba yake. Anaambiwa atamuua baba yake. Mara hiyo hiyo anaamua kwamba asirudi Korintho, yaani kwamba baba anayepaswa kuepukwa ni Polybus. Shaka iliyomtoa nyumbani imeyeyuka ndani ya hofu. Ni rahisi kwetu kumlaumu, lakini nani mwenye umri ule, aliyeambiwa maneno yale, angerudi nyuma kutafakari? Kwa miaka yote iliyofuata, ya ushujaa, ya ndoa, ya watoto, ya kiti cha enzi, lile swali la kwanza lilikuwa halijajibiwa. Lilifukiwa tu.

Tunaona jinsi lilivyofukiwa karibu na juu pale anapogombana na Teiresias. Mwaguzi huyu kipofu hakutaka kusema. Aliomba arudishwe nyumbani. Oedipus akamchokoza mpaka akasema, halafu aliposema akamwona mhaini. Hasira imewaka, matusi yanaruka, Oedipus ameshamfukuza. Teiresias, akielekea kuondoka, anataja tu kwamba wazazi waliomzaa Oedipus walimwona yeye kuwa mtu mwenye busara. Oedipus anakatika katikati ya hasira: wazazi gani? Ngoja. Nani alinizaa? Mfalme aliyekuwa ananguruma amegeuka kijana wa Korintho. Teiresias anamjibu kwamba siku hii itamzaa na itamwangamiza.

Nakiri kwamba maneno hayo ni utabiri, na Teiresias anatabiri pia upofu na aibu itakayofuata, na kwamba mambo yatatoka tu hata yeye akinyamaza. Anayetaka kusema kwamba ugunduzi nao ulipangwa ana mahali pa kushika. Hata hivyo, mwangalie Teiresias anavyofanya. Alikuja akiwa amekusudia kuondoka na siri yake. Kama kujulikana kwa ukweli kulikuwa kazi ya miungu peke yake, mtumishi wao angekuwa na haraka ya kuusema. Ni Oedipus anayemng'ang'ania. Miungu inajua atakachofanya, lakini kujua kwamba mtu atafanya jambo si sawa na kumsukuma alifanye. Mwalimu anayemjua mwanafunzi wake kwa miaka anaweza kusema leo kwamba yule kesho atainua mkono, na mkono ukiinuka bado ni wa mwanafunzi.

Halafu kuna Jocasta, mtu ambaye mimi humsikitikia kuliko wote katika mchezo huu. Yeye ndiye anayejaribu kumtuliza mumewe kwa kumwonyesha kwamba utabiri hauna maana: Laius alitabiriwa kuuawa na mwanawe, na mtoto huyo alifungwa vifundo vya miguu akatupwa mlimani akiwa na siku tatu, na Laius aliuawa na majambazi wageni penye njia panda ya njia tatu. Alidhani anamtoa hofu. Oedipus alilisikia neno njia panda tu, roho ikamruka. Baadaye anaingia mjumbe kutoka Korintho na habari anazodhani ni njema: Polybus amefariki kifo cha uzee, Oedipus anatakiwa akatawale. Na anaposikia kwamba Oedipus anaogopa kurudi kwa sababu ya mama, mjumbe anacheka moyoni na kumpa zawadi nyingine: usihofu, Polybus hakuwa baba yako wala Merope si mama yako, mimi mwenyewe niliwapelekea wewe, ukiwa mchanga, miguu yako imetobolewa.

Mwanafalsafa Aristotle, katika Poetics, anautumia wakati huu kama mfano wake wa mambo kugeuka: mtu amekuja kumfurahisha Oedipus na kumwondolea hofu, na kwa kumwambia yeye ni nani amefanya kinyume chake. Anaongeza kwamba utambuzi ulio bora ni ule unaotokea pamoja na mgeuko huo, na ulio bora kuliko wote ni ule unaotoka ndani ya matukio yenyewe, si kwa alama au kidani. Katika kitabu hicho, ambacho ndicho kikongwe tulichonacho cha kuichambua tanzia, hakuna sura juu ya majaaliwa. Kuna kurasa na kurasa juu ya kutambua. Mtu aliyeziona tanzia hizi zikioneshwa katika karne iliyofuata alipima uzuri wake kwa namna watu wanavyofika kujua.

Wakati mjumbe anazungumza, Jocasta yuko kimya jukwaani. Mwandishi hakumpa neno. Lakini yeye ameshaelewa, kabla ya mumewe, na Oedipus anapomgeukia kumwuliza kuhusu mchungaji wa pili, yule aliyemkabidhi mjumbe huyo mtoto, Jocasta anasema lisilowahi kunitoka akilini: kwa jina la miungu, kama unayajali maisha yako, usilitafute jambo hili, mateso yangu yanatosha. Oedipus anadhani mkewe anaona haya, kwamba pengine mumewe ataonekana mtoto wa mtumwa. Hata nikionekana mtumwa wa vizazi vitatu, anamwambia, wewe hutapungukiwa heshima. Naye Jocasta, kabla ya kuingia ndani kujinyonga: ewe maskini, usije ukajua wewe ni nani.

Hayo ndiyo maombi ya mtu anayempenda. Naye Oedipus ana nafasi ya kuyakubali. Tusidanganyane hapa. Hakuna upanga shingoni mwake. Hata Korintho inamngoja. Anaweza kusema, kama Jocasta alivyosema mapema, kwamba ni heri mtu aishi tu awezavyo bila kuhangaika na yasiyojulikana. Watu wengi huishi hivyo, na wengine huishi vizuri. Yeye anasema hawezi kuacha kulijua hili kwa uhakika.

Kisha mchungaji, ambaye ndiye yule yule shahidi aliyenusurika. Onyesho hili ni fupi, na kwangu ndilo kilele cha tanzia yote ya Kigiriki iliyotufikia. Ni mzee mtumwa, hataki kusema, anapinduliwa mikono nyuma na kutishwa. Oedipus na mzee wanabadilishana mstari kwa mstari. Mtoto ulimpata wapi? Nyumbani mwa Laius. Mtumwa, au damu yake? Mchungaji anasema: ole wangu, nimefika penye kutisha, pa kulisema. Oedipus anajibu: nami nimefika pa kulisikia, lakini sharti lisikiwe.

Rudia mstari ule. Ameshajua. Mtu anayeuliza kwa sauti ile hana tena shaka ya jibu. Angeweza kumnyamazisha mzee na kuingia ndani na siri ambayo watu wachache tu wangeibahatisha. Lisikiwe, anasema, na mbele ya wazee wa mji. Delphi ilitabiri kuua na kuoa. Mstari huu Delphi haikuutabiri.

Mchungaji anaulizwa basi kwa nini, kama alipewa mtoto amuue, alimpa mtu wa Korintho. Jibu lake ni fupi: nilimhurumia, bwana. Hapa naona jambo lingine ambalo fikra ya majaaliwa peke yake hutuficha. Tafuta mtu mwovu katika mnyororo wote uliomleta Oedipus hapa, baada ya wazazi waliomtupa. Hayupo. Mchungaji wa Thebes alikuwa na huruma. Mchungaji wa Korintho, ambaye sasa ndiye mjumbe, alikuwa na huruma, alimfungua miguu. Polybus, asiye na mtoto, alimpenda. Oedipus mwenyewe aliacha urithi wa ufalme asije akawadhuru aliowaamini kuwa wazazi wake. Utabiri umetimia kwa mikono ya watu wema wakifanya mema. Ukilisoma hilo kama adhabu, huna wa kumwadhibu.

Ndiyo maana somo jingine linalopendwa madarasani, kwamba Oedipus aliponzwa na kiburi, nalo halinishawishi. Kweli ana hasira. Anamshuku Creon bila ushahidi, na kule njia panda aliua msafara karibu wote kwa sababu mzee ndani ya gari alimpiga kichwani. Lakini utabiri ulitolewa kabla hajawa na tabia yoyote, nzuri au mbaya. Aristotle anapomtaja Oedipus katika kueleza ni mtu wa aina gani anayefaa kwa tanzia, anasema ni mtu anayeanguka kwa kukosea, si kwa uovu. Na Sophocles amekuwa mwangalifu. Aeschylus, mtunzi aliyemtangulia, katika mchezo wake wa mwaka 467 KK kuhusu wana wa Oedipus, anaeleza kwamba Apollo alimwonya Laius mara tatu afe bila mtoto ili mji upone, na Laius hakusikia. Humo kuna dhambi ya babu inayowafuata wajukuu. Sophocles ameliondoa hilo. Katika mchezo wake hatuambiwi Laius alikosa nini. Utabiri upo tu, kama mvua ilivyo.

Afrika imeshajibizana na kisa hiki, na majibu yenyewe yanasaidia kuliona suala. Wasomaji wa Kiswahili tuna Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel S. Mushi iliyotoka mwaka 1971. Nchini Nigeria, Ola Rotimi alikihamishia kisa chote kwenye nchi ya Wayoruba katika The Gods Are Not to Blame, mchezo uliooneshwa mara ya kwanza mwaka 1968, wakati vita vya Biafra vikiendelea. Mfalme wake, Odewale, naye anamuua baba yake bila kumjua. Anamuulia shambani, kwa kuwa mzee yule alilitukana kabila lake. Mwishoni Odewale anawakataza watu wasiilaumu miungu: miungu ilijua udhaifu wake, udhaifu wa mtu aliye mwepesi kusimama upande wa kabila lake, ikautumia. Kwa Nigeria ya mwaka ule, lilikuwa neno la lazima, na naliheshimu. Lakini Rotimi ilimbidi amtafutie shujaa wake dosari ili lawama ipate mahali pa kutua. Sophocles hakumtafutia. Kwake swali si nani wa kulaumiwa. Ndiyo maana Oedipus, akiwa amejitoboa macho na kutoka nje na damu usoni, akiulizwa ni mungu gani aliyemsukuma, anajibu mambo mawili kwa pumzi moja: ni Apollo, rafiki zangu, Apollo aliyeyatimiza mateso yangu haya, lakini mkono uliopiga macho ulikuwa wangu mimi, si wa mwingine. Hakuna anayejitetea hapo. Kuna mtu anayepima kwa usahihi kipi kilikuwa cha mungu na kipi chake.

Ili kuona ukubwa wa alichofanya, mlinganishe na Agave katika Bacchae ya Euripides, mtunzi mwenzake Sophocles, iliyooneshwa baada ya mtunzi kufariki, yapata 405 KK. Agave anarudi Thebes kutoka milimani akiwa na kichwa mikononi, akijisifu kwamba amewinda simba. Ni kichwa cha mwanawe, Pentheus. Dionysus amemtia wazimu. Baba yake, mzee Cadmus, ametoka kukusanya vipande vya mwili wa mjukuu. Kwanza Cadmus anawaza kumwacha: ukibaki hivi mpaka mwisho, anamwambia, hutakuwa na heri, lakini hutajiona una shari. Ni hoja ile ile ya Jocasta. Kisha anabadili nia, na anavyomwamsha ni kama tabibu. Hamwonyeshi kichwa. Anamwambia atazame mbingu. Imebadilika? Inaonekana angavu kuliko mwanzo. Ile papara bado iko moyoni? Sijui unasema nini, lakini naona kama narudiwa na fahamu. Uliolewa nyumba gani? Kwa Echion. Ulizaa mtoto gani? Pentheus. Basi uso ulio mikononi mwako ni wa nani? Wa simba, anasema, ndivyo walivyosema wawindaji. Tazama vizuri, kutazama si kazi kubwa.

Ni onyesho linaloniumiza kila ninapolisoma, na Euripides hakuna kitu alichoandika kwa upole mkubwa zaidi. Lakini Agave ameongozwa. Kujijua kumemjia kwa mkono wa mtu mwingine, hatua kwa hatua, bila yeye kujua anapelekwa wapi. Oedipus alikwenda mwenyewe, na hatua za mwisho alijua anakokwenda. Majaaliwa yao yanafanana kwa ukatili. Wanachotofautiana ni hapo tu, na hapo ndipo mtu anapojulikana.

Sophocles hakumalizana na Oedipus. Alikuwa na umri wa karibu miaka 90 alipomrudia, katika Oedipus at Colonus, mchezo uliooneshwa mwaka 401 KK na mjukuu wake aliyeitwa jina lake, miaka kadhaa baada ya mtunzi kufariki. Colonus, kijiji jirani na Athens, ndiko Sophocles alikozaliwa. Anafika hapo Oedipus mzee, kipofu, ombaomba, anashikwa mkono na binti yake Antigone. Na anazungumza tofauti. Matendo yangu, anasema, yalinipata kuliko nilivyoyatenda. Mbele ya sheria mimi ni safi, sikujua.

Wengine huona hapo mzee aliyechoka kubeba mzigo wake. Mimi naona kujijua kulikokomaa. Siku ile Thebes alipata kujua alichofanya, na katika joto la siku ile hakuweza kutenganisha kufanya na kukusudia. Imemchukua miaka ya barabarani kuvitenganisha. Wala hajifanyi hana doa. Theseus, mfalme wa Athens, anapomrudishia mabinti zake waliotekwa, Oedipus ananyoosha mkono amshike kwa shukrani, kisha anaurudisha: nitakugusaje mimi, mtu niliyekaliwa na kila unajisi? Hana hatia, na bado ni najisi. Anayabeba yote mawili bila kulitumia moja kulifuta jingine, na sidhani kijana aliyekimbia kutoka Delphi angeliweza hilo.

Kabla ya hapo Creon, aliyekuja kumrudisha kwa nguvu kwa faida ya Thebes, amemtupia yale ya zamani mbele ya watu wote: muuaji wa baba, mume wa mama. Oedipus hapazi sauti. Anamwuliza: mtu akija hapa sasa hivi kukuua, wewe mwenye haki, utamwuliza kwanza kama ni baba yako, au utajitetea papo hapo? Creon halijibu swali hilo. Wazee wa Colonus, ambao mwanzoni walipolisikia jina la Oedipus walimwamuru aondoke nchini mwao, ndio wanaomgeukia Theseus na kumwambia kwamba mgeni huyu ni mtu mwema, na anastahili kusaidiwa.